Kuficha Bomba la Gesi Jikoni: Mwongozo Kamili kwa Anayekarabati Nyumba

Picha ninazotumiwa zinafanana. Jiko jipya, kabati nyeupe, graniti inang'aa, ukutani huoni hata waya. Halafu linafuata swali: "Asubuhi tunasikia harufu ya gesi. Tumebadilisha regulata mara mbili na bado." Nikiuliza bomba limepita wapi, najibiwa limo ukutani. Nikiuliza viungio viko wapi, kimya.

Wengi wamekosea pale pale. Wamezika kiungio ndani ya plasta, au wamepitisha mpira ukutani badala ya bomba, au wamefunika kabla ya kupima. Vigae vikishapigwa, kila mtu anaogopa kuvigusa, na uvujaji unaachwa uendelee.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida: mtungi unakaa nje, jiko liko ndani, na katikati kuna bomba la shaba ambalo hutaki kulitazama kila siku. Kanuni ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: kinachofichwa ni bomba zima lisilo na kiungio. Viungio, koki na mpira vinabaki mahali mkono unapofika na hewa inapopita.

Kazi ya kuchomelea bomba na kuliunganisha mwachie fundi wa gesi. Fundi bomba wa maji, hata awe hodari vipi, si lazima awe anaijua gesi. Wewe mwenye nyumba kazi yako ni kuchagua njia, kusimamia vipimo na kukataa kufunika kabla ya wakati. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika, na ndiyo maana nakuandikia wewe kuliko fundi.

## Kwanza, ijue gesi uliyonayo

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mara mbili. Ikivuja haipandi kutoka dirishani. Inashuka, inatambaa sakafuni na kujaa ndani ya kabati za chini, kwenye mtaro, kwenye shimo lolote. Ikifika asilimia 2 hivi ya hewa iliyopo, cheche inatosha.

Chukua jiko la mita 3 kwa 3. Gesi ya kilo moja hivi ikichanganyika na hewa yote ya humo inafikia kiwango hicho. Lakini gesi haisubiri kuchanganyika. Inalala chini, kwa hiyo ndani ya kabati lililofungwa inahitajika kidogo sana kuliko hapo.

Waliounganishiwa gesi asilia, kama baadhi ya nyumba za Mikocheni jijini Dar es Salaam na za Mtwara, wana gesi nyepesi kuliko hewa. Yao inapanda darini, kwa hiyo matundu ya hewa na kengele ya kuonya gesi ikivuja vinakaa juu. Tena bomba lao halibadilishwi njia na fundi wa mtaani; wanaosambaza gesi hiyo ndio wa kuitwa. Kuanzia hapa nazungumzia mitungi tu.

## Vifaa

Viwe vyote mbele yako kabla nyundo haijagusa ukuta.

- Bomba la shaba la milimita 15 au la nusu inchi, la koili, urefu wa njia yako yote pamoja na mita moja ya akiba. Lenye ganda la plastiki la kiwandani ndilo bora kwa kupita ukutani. Ukilikosa, nunua tepu nene ya kuzungushia mabomba.
- Kifaa cha kukunjia kopa, yaani bomba la shaba. Kukunja kwa goti kunabonyeza bomba.
- Kipande cha bomba la PVC, kipana kidogo kuliko la shaba, kwa ajili ya slivu, yaani ganda ambalo bomba hupita ndani yake linapovuka ukuta.
- Koki mbili za gesi za robo mzunguko.
- Klipu za bomba, skrubu na plagi za ukutani.
- Regulata ya shinikizo dogo inayokaa sawasawa na valvu ya mtungi wako.
- Mpira wa gesi wenye chapa na tarehe, pamoja na klipu zake za kubana.
- Silikoni, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na brashi ndogo ya rangi.
- Geji ya shinikizo yenye pampu. Mafundi wa AC wanayo.
- Mpira wa levo, ule unaoonyesha maji yaliyo ndani, wanaoutumia waashi, mita 2.
- Vipande vya wavu au vizibo vyenye matundu kwa ajili ya kabati.

Visivyomo kwenye orodha vina sababu. Mabomba ya plastiki ya maji, PVC na PPR, hayabebi gesi ndani ya nyumba. PVC hapo juu ni ganda la nje tu. Bomba la chuma la nyuzi linafaa likiwa wazi, ila kila mita 6 lina kiungio, na kiungio hakizikwi.

## Hatua ya 1: Chora njia kabla ya fundi vigae kufika

Chukua chaki uchore ukutani. Anza jikoni urudi nyuma mpaka mtungi utakapokaa, usianze kwa mtungi.

Njia bora ya kuficha ni kupunguza kinachohitaji kufichwa. Mara nyingi bomba linaweza kupita ukuta wa nje, kimo cha goti hivi, likaingia ndani kwa tundu moja nyuma ya kabati la jirani na jiko. Ndani linabaki la nusu mita. Nje lipake rangi ya ukuta na hakuna mgeni atakayeliona. Nimeshaona watu wakichimba mfereji wa mita 7 kuzunguka sebule kwa sababu tu mtungi ulikuwa na kawaida ya kukaa upande ule.

Unapochora, epuka vitu hivi:

- Chumba cha kulala, choo na chini ya ngazi. Bomba la gesi lisipite humo hata kama ndiyo njia fupi.
- Juu ya siling bodi. Kule hakuna hewa, panya wapo, na fundi umeme atakuja siku moja na drili.
- Soketi na swichi. Acha sentimita 15 au zaidi. Kwa waya zilizo ukutani acha walau sentimita 3, na bomba lisichangie mfereji na waya, kwa sababu yoyote ile.
- Nyuma ya oveni. Joto lake linaharibu mpira na kulegeza viungio.
- Sehemu zitakazotundikwa kabati za juu. Hapo ndipo drili hupita.

Ukutani bomba lishuke wima au liende mlalo ulionyooka. Lisikate kona kwa mshazari ili kuokoa nusu mita ya kopa. Miaka mitano ijayo mtu atakayetaka kupiga msumari ataangalia koki ilipo na kukisia kuwa bomba limeshuka moja kwa moja juu au chini yake. Mshazari unamdanganya.

*Utajua umefanikiwa:* njia yako ina kona tatu au nne tu, na ukisimama popote unaweza kunyoosha kidole na kusema kila kiungio kitakuwa wapi.

## Hatua ya 2: Mpe mtungi makao yake

Mtungi unakaa nje, umesimama wima, juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, mahali penye hewa. Ukilazwa, gesi ikiwa bado kimiminika inaingia kwenye regulata na moto jikoni unaruka.

Usiwe chini ya dirisha au karibu na mlango: acha mita 1. Kutoka kwenye chemba au mtaro wa maji machafu ulio wazi acha mita 2, kwa sababu gesi nzito ikishaingia kwenye mtaro inasafiri hadi usikotarajia. Jenereta, pampu ya maji na jiko la mkaa vikae mita 1.5 au zaidi kutoka hapo.

Wengi hujenga kibanda cha tofali chenye mlango wa chuma kwa ajili ya wezi. Sawa, lakini mlango uwe wa nondo au wavu, na pawe na matundu usawa wa sakafu. Kibanda kilichozibwa pande zote ni kabati la chini ya sinki lililohamishiwa nje.

Hapa kuna kosa moja linalostahili aya yake. Mpira wa kawaida wa jikoni umetengenezwa kwa gesi iliyokwisha kupita kwenye regulata. Ukifunga regulata ukutani na kuunganisha mtungi kwake kwa mpira huo, umeuweka kwenye shinikizo kamili la mtungi, na utapasuka. Regulata ikae juu ya mtungi, kisha mpira mfupi hadi kwenye koki ya kwanza. Anayetaka regulata ya ukutani anunue mpira wa shinikizo kubwa uliotengenezwa kwa kazi hiyo.

## Hatua ya 3: Chagua namna ya kuficha

Kuna namna tatu ninazozikubali, na naziandika kwa mpangilio ninaozipendelea.

Nyuma ya kabati za chini. Bomba limefungwa kwa klipu juu ya ukuta uliokwisha kupigwa plasta, kisha kabati zinasimama mbele yake. Halionekani, lakini ukitoa droo unaligusa. Ndiyo namna bora na rahisi, na inashangaza jinsi watu wanavyoiruka ili wakachimbe ukuta.

Ndani ya boksi. Bomba limepita wazi ukutani na kufunikwa kwa boksi la mbao au jipsamu. Boksi liwe na matundu ya hewa chini na juu, na upande mmoja ufunguke kwa skrubu. Boksi lililozibwa kote kwa putti linakusanya gesi hata ya uvujaji mdogo sana.

Ndani ya mfereji wa ukutani. Hii ndiyo wanayoitaka wote na ndiyo inayowaumiza wengi. Inawezekana, ila masharti yake ni magumu. Bomba liwe kipande kimoja bila kiungio. Liwe na ganda la plastiki au limezungushiwa tepu urefu wote. Lifunikwe kwa plasta ya sentimita 2 au zaidi. Na ukuta uwe wa tofali zisizo na matundu.

Sharti hilo la mwisho watu hulidharau. Tofali lenye matundu lina uwazi ndani. Gesi ikivuja humo inatembea ndani ya ukuta na kutokea chumba kingine, hata chumba cha watoto. Ukuta wa namna hiyo usichimbwe mfereji wa gesi.

Angalia pia unene. Kwenye ukuta wa tofali la inchi 6, mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene, yaani sentimita 5. Wa mlalo usizidi sudusi, sentimita 2.5, na kina hicho hakitoshi bomba na plasta yake. Kwa maneno mengine, kwenye ukuta wa inchi 6 bomba linazikwa likiwa wima tu. Mlalo wake upite nyuma ya kabati.

Kwa nini ganda la plastiki? Saruji yenye unyevu na chumvi inakula shaba polepole. Pwani, ambako mchanga na hata ukuta wenyewe vina chumvi, usikubali kopa tupu iguse plasta. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe ndizo mbaya zaidi kwa hili. Humo nisingechimba kabisa.

## Hatua ya 4: Toboa ukuta, weka slivu

Bomba linapovuka ukuta linapita ndani ya kipande cha PVC kinachotokeza kidogo pande zote mbili. Kazi yake ni mbili. Nyumba ikitulia au ukuta ukipata ufa, bomba halikatwi. Na gesi ikivuja ndani ya unene wa ukuta, inapata njia ya kutoka.

Njia hiyo iwe ya nje. Ziba kwa silikoni nafasi iliyo kati ya slivu na bomba upande wa *ndani* ya nyumba, uache upande wa nje wazi. Mafundi wengi hufanya kinyume ili mvua isiingie. Mvua zuia kwa kuinamisha slivu kidogo kuelekea nje. Pembezoni mwa slivu, inapogusa ukuta, ziba kwa saruji pande zote.

Ndani ya slivu hakuna kiungio.

## Hatua ya 5: Laza bomba

Fungua koili taratibu kwa kuiviringisha sakafuni. Ukiivuta kama kamba itajikunja. Bomba likibonyea mahali, kata kipande hicho. Usijaribu kulinyoosha kwa koleo.

Ziba ncha zote kwa tepu kabla ya kulipitisha popote. Vumbi la plasta likiingia litaishia kwenye matundu madogo ya jiko, na utaanza kulaumu jiko.

Kona zikunjwe kwa kifaa, zisiunganishwe. Hapa ndipo koili inapolipa gharama yake. Kutoka koki ya nje hadi koki ya ndani unaweza kwenda na kipande kimoja. Pale ambapo kiungio hakikwepeki, kiwe cha kuchomelea kwa fimbo ya shaba kama wafanyavyo mafundi wa AC, na kikae nyuma ya kabati, sio ukutani. Risasi laini ya kuunganishia waya haifai, inayeyuka mapema moto ukitokea. Viungio vya nati ni vya kwenye koki tu.

Funga klipu kila mita moja. Bomba lisitumike kama waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, na fundi umeme aambiwe hivyo waziwazi, maana wapo wanaoona kopa na kufurahi.

## Hatua ya 6: Pima kabla ya kufunika

Jiko langu la kwanza nilifunika siku ile ile. Fundi vigae alikuwa anasubiri, mke wangu alikuwa anasubiri, na kiungio kilionekana kizuri. Miezi minane baadaye tulivunja vigae 14. Tangu siku hiyo fundi vigae kwangu haruhusiwi hata kuchanganya saruji kabla geji haijalala usiku mmoja.

Fanya hivi. Regulata na jiko viwe havijaunganishwa. Ziba ncha ya jikoni kwa kizibo cha nati. Ncha ya nje funga geji na pampu. Jaza hewa hadi baa 1, sawa na psi 14 au 15 kwenye geji. Tumia hewa au naitrojeni. Usitumie oksijeni kamwe, ikikutana na mafuta inalipua. Wala usijaze maji, hayatatoka yote.

Paka povu la sabuni kwenye kila kiungio kwa brashi na uangalie dakika nzima. Povu linalovimba polepole ndilo la kuogopa. Lililo kubwa kila mtu analiona. Ukimaliza suuza, sabuni isikauke juu ya shaba.

Kisha acha. Mimi naacha usiku kucha, na asubuhi nasoma geji. Ikishuka, usibishane nayo, wala usikubali hadithi ya "geji yenyewe mbovu" mpaka umebadilisha geji ukapima tena.

*Utajua umefanikiwa:* sindano iko palepale, na hakuna povu hata moja linalovimba.

## Hatua ya 7: Piga picha, kisha funika

Kabla plasta haijaguswa, simamisha futi ya kupimia pembeni ya bomba upige picha. Picha moja ionyeshe umbali kutoka sakafuni, nyingine kutoka kwenye kona ya ukuta. Chapisha, weka ndani ya mfuko wa plastiki, gundisha nyuma ya mlango wa kabati lenye koki. Simu hupotea na nyumba huuzwa, mlango wa kabati unabaki.

Plasta ipigwe bomba likiwa bado na hewa ya baa 1 ndani. Mwiko au msumari ukilitoboa, geji itasema hapo hapo, fundi akiwa bado yupo. Nilijifunza hili kwa fundi mmoja mzee wa friji, na sijaona njia rahisi kuliko hiyo ya kumfanya kila mtu awe mwangalifu.

Kwa wenye jiko lililochimbwa mfereji: usitumie vipande vya tofali kujazia, vina ncha kali. Tumia mchanga laini na saruji.

## Hatua ya 8: Kabati, koki na mpira

Koki ya ndani iwe kwenye kabati la *jirani* na jiko, sio nyuma ya jiko. Jiko likiwaka moto hutaweza kunyoosha mkono kupitia kwenye miali. Iwe kimo ambacho mtu mzima anafikia bila kupiga magoti, na kila anayeishi humo, dada wa kazi akiwemo, ajue: mkono wa koki ukilingana na bomba imefunguka, ukikatiza imefungwa.

Kabati hilo litobolewe matundu ya hewa. Mimi hukata mraba wa sentimita 10 kwa 10 chini kabisa, karibu na sakafu, na mwingine juu, kisha naweka wavu wa kuzuia panya na mende. Ubao wa mbele unaofunika miguu ya kabati nao uwe na matundu. Fundi seremala atalalamika. Mwache alalamike.

Mpira kutoka koki hadi jiko usizidi mita 1.5, uonekane wote, usipite nyuma ya oveni, na usipenye ukuta au mbao bila tundu laini lililosawazishwa kingo. Soma tarehe iliyochapwa juu yake na uubadilishe ikifika, hata kama bado unaonekana mpya. Kwenye jiko la kupachika juu ya graniti, acha chini yake droo inayotoka, ili mpira ukaguliwe bila kung'oa graniti.

Kengele ya gesi, kama unayo, ifungwe sentimita 15 hadi 30 kutoka sakafuni. Nimeiona darini kwenye nyumba nyingi mno.

## Hatua ya 9: Pima mara ya pili, kisha washa

Kazi yote ikiisha, kabla gesi haijaingia, pima kwa maji. Kipimo hiki hakigharimu chochote na kinaona uvujaji ambao geji ya baa haiuoni.

Kunja mpira wa levo uwe kama herufi U, kila mguu nusu mita, ufunge kwenye ubao. Tia maji mpaka katikati. Mguu mmoja uunganishe na bomba kwenye ncha ya jikoni, mwingine uwe wazi. Kutoka upande wa nje puliza hewa kwa pampu ya mpira wa miguu, polepole, mpaka tofauti ya maji kati ya miguu miwili iwe sentimita 30, kisha funga koki ya nje. Tofauti hiyo ni milibaa 30 hivi, karibu sawa na shinikizo ambalo regulata ya nyumbani hutoa.

Subiri dakika 5 hewa itulie, weka alama kwa kalamu, subiri nyingine 10. Alama isisogee.

Ifanye asubuhi na mapema au jioni. Hewa iliyofungwa ndani ya bomba ikipoa digrii moja tu, maji yanaweza kushuka sentimita 3 bila uvujaji wowote, na jua likipiga bomba la nje yanapanda. Ndiyo sababu watu wawili hupima bomba moja, mmoja saa nne na mwingine saa nane, wakatofautiana.

Ikishikilia, unganisha mpira, jiko na regulata. Fungua milango na madirisha, zima kila moto. Fungua mtungi, paka povu kwenye regulata, koki zote mbili na ncha za mpira. Bomba la mita 10 lina hewa kama lita moja na nusu ndani yake, kwa hiyo jiko halitawaka mara moja. Fungua jicho moja mpaka usikie harufu, funga, acha dakika chache itawanyike, kisha washa.

*Utajua umefanikiwa:* moto ni wa bluu, umetulia, na ukiwasha majicho yote haufifii. Ukififia, bomba ni jembamba au limebonyea mahali.

## Kama ukuta umeshafungwa

Hili ndilo swali la wengi wenu, kwa hiyo sitalikwepa. Huna haja ya kuanza kwa nyundo. Funga mtungi, tenganisha jiko na regulata, fanya kile kipimo cha maji cha hatua ya 9. Kikishikilia, tatizo lako ni mpira, regulata au jiko lenyewe, navyo vyote viko nje.

Kisiposhikilia, usitafute tundu ukutani. Liache bomba hilo lilivyo, lizibwe ncha zote mbili, ulaze jipya juu ya ukuta wa nje au nyuma ya kabati. Ni nafuu kuliko vigae, na mara nyingi linakamilika siku moja. Walioingiza mpira ukutani wauvute wautoe leo, bila kupima. Panya huutafuna na hakuna atakayeona.

Na harufu ikikuamsha usiku: usiwashe taa wala usiizime, usichomoe friji, usiwashe tochi ya simu ukiwa ndani. Fungua mlango, toa watu, funga mtungi kule nje ulikouweka. Mpigie fundi ukiwa uani.